Ukirudi kutoka angani, tuambie ulivyoenda

(Haya ni maneno niliyosema Malindi kwenye mkutano wetu wa wachezaji wa simuleta za roketi, yaani gemu za kuigiza safari za anga. Nimeyaandika vile yalivyotoka, nimeongeza namba chache tu kwa wale walioniomba.)

Assalam aleikum, shikamooni wazee wangu mliokuja, na vijana mambo zenu. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kukaa kwenye joto hili.

Najua wengi mmekuja kwa sababu ya gemu, na mimi pia ni hivyo hivyo, kwa hiyo sitaanza na ile habari ya kwamba gemu ni kisingizio cha kusoma fizikia. Gemu ni gemu na ni tamu. Ile mara ya kwanza unazima injini, unaangalia ile skrini ya kijani, unaona duara la obiti yako, ile njia yako ya kuizunguka dunia, halijagusa tena dunia mahali popote, yaani limefunga lote, mwili unasisimka kweli na hakuna mtu wa kukueleza ni kwa nini. Hiyo raha ni halali yako.

Ila leo nina jambo moja, nalo ni kusimulia. Sisi tunaruka sana na tunasimulia kidogo mno. Mtu anakesha, anafika mwezini, asubuhi anatupia picha moja kwenye grupu, "wadau nimefika", tunampa mioto na makofi, imeisha. Haya, umefikaje? Ulitoka na mafuta kiasi gani, ulichoma injini ukiwa wapi, kwa nini hapo na si nusu saa baadaye, kitu gani kilikutisha njiani? Hakuna. Na yule kijana aliyekwama obiti ya chini, ambaye picha yako ameiona na roho imemuuma, amebaki vilevile alivyokuwa.

Watu wanadhani simuleta kazi yake ni kuruka, halafu maneno ni ya baadaye, ya kupiga soga. Wale waliopeleka watu mwezini hawakuiona hivyo hata kidogo, na ntawapa kisa kimoja mkikae nacho.

Mwanzoni mwa Julai 1969, siku chache kabla Apollo 11 haijaondoka, kule Houston walikuwa wanafanya mazoezi ya kutua kwa simuleta. Aliyekuwa anaendesha mazoezi, Richard Koos, akawatupia tatizo la kompyuta, ikatoka alama 1201. Kwenye meza ya uongozaji alikuwepo Steve Bales, kijana wa miaka 26, hiyo alama haijui maana yake, akaona usalama ni kusitisha, wakasitisha kutua. Mazoezi yakaisha wakakaa chini kuzungumza kama kawaida yao, na hapo ndipo wakaambiwa hapakuwa na haja ya kusitisha, chombo kilikuwa bado kinaendeshwa vizuri, mngeendelea tu. Sasa tazameni kilichofuata. Gene Kranz, mkuu wao, hakusema haya tumesikia twendeni nyumbani. Aliagiza kila alama ya kompyuta ichunguzwe, moja moja, iandikwe ipi ni ya kusitisha na ipi ni ya kuendelea. Kijana mwingine, Jack Garman, miaka 24, akaziandika kwa mkono wake akaiweka ile karatasi chini ya kioo cha meza yake.

Tarehe 20 Julai, chombo kinashuka kweli, kina Armstrong na Aldrin ndani, kiko kama kilomita 10 juu ya mwezi, kompyuta ikatoa 1202. Ndugu yake kabisa yule wa kwenye mazoezi. Kompyuta imezidiwa na kazi kwa sababu rada ya kukutana na chombo mama kilichobaki juu inailetea data isiyohitajika wakati ule, basi inaacha kazi ndogondogo, inajianzisha upya na kushika zile kubwa. Garman anaijua, iko kwenye karatasi yake, Bales akasema endeleeni, wakaendelea, wakatua. Karatasi ile ilizaliwa na kikao cha baada ya gemu, niiite gemu maana ndiyo ilivyokuwa, watu wamekaa mbele ya mitambo wanajifanya wanatua mwezini. Ingekuwa waliruka tu wakatawanyika, sijui siku ile ingekwendaje.

Kwa mnaotaka kuonja hilo wenyewe, Orbiter, simuleta tunayoitumia hapa, ina nyongeza inaitwa NASSP, ndani yake inaendesha programu ileile iliyokuwa kwenye kompyuta ya Apollo. Ni ngumu, nawaambieni mapema, msianze na hiyo.

Kwa wageni, niseme kidogo kuhusu Orbiter. Imetengenezwa na Martin Schweiger, alikuwa University College London, ikatoka mwaka 2000, ni ya bure tangu siku hiyo, na 2021 akafungua msimbo wake wote, yale maandishi ya programu yenyewe, kila mtu auone. Wengi hapa mmeanzia Kerbal Space Program, ile iliyotengenezwa na kampuni ya Squad ya Mexico, na ni mwanzo mzuri sana, tena Kerbal inafundisha kujenga roketi, kitu ambacho Orbiter haikupi kirahisi. Lakini sayari ya Kerbal ni ndogo, nusu kipenyo chake kilomita 600, obiti unaipata kwa kama mita 2,300 kwa sekunde. Dunia yetu ni kilomita 6,371, na kukaa obiti ya chini unataka karibu mita 7,700 kwa sekunde. Ukitoka kule ukaingia huku unaona uzito wa jambo lenyewe. Na laptopu ya kawaida inaiendesha, ila picha za ardhi za hali ya juu msizishushe kwanza, zinakula bando vibaya.

Haya, sasa nije kwetu hapa.

Ukitoka Malindi ukaenda kaskazini unafika Ngomeni, na baharini pale, kwenye ghuba ya Ungwana, yale majukwaa ya chuma ya Waitaliano yapo bado yanaonekana, San Marco na mwenzake Santa Rita. Kuna vijana hapa wameyaona tangu utotoni wakadhani ni ya mafuta. Pale zilirushwa setilaiti 9, kuanzia San Marco 2 mwezi wa nne 1967 mpaka ya mwisho mwezi wa tatu 1988, zote kwa roketi ya Kimarekani inaitwa Scout. Yenye sifa kuliko zote ilipaa tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa maalum kwa ajili ya kutafuta mionzi ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Ilikuwa inajizungusha polepole, mzunguko mmoja dakika 12, inafagia anga kipande kwa kipande, ikaja kutoa orodha ya vyanzo 339, na mwanasayansi aliyeiongoza kazi ile, Riccardo Giacconi, alipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Kama una babu alikuwa mvuvi Ngomeni miaka ile, muulize leo usiku aliona nini, na uandike.

Swali ambalo gemu inakujibu vizuri kuliko kitabu: kwa nini walivuka bahari kuja kurushia hapa wakati Wamarekani wana Cape Canaveral yao?

Jibu linalotolewa kila siku ni kwamba ikweta inakusukuma. Ni kweli, ardhi ya ikweta inakimbia mashariki mita 465 kwa sekunde, Cape iko digrii 28.5 kaskazini inakimbia kama 409, Baikonur kule Kazakhstan kama 323. Lakini fanyeni hesabu, kati yetu na Cape tofauti haifiki hata mita 60 kwa sekunde. Mtu havuki bahari kwa hiyo.

Sababu kubwa ni mwinamo wa obiti, yaani pembe kati ya njia yako na ikweta. Uhuru ilitakiwa izunguke karibu kabisa na ikweta, mwinamo digrii 3, ili isipite ile sehemu ya Atlantiki ya kusini ambapo mionzi inashuka chini ikavuruga vipimo vyake. Sasa ukipaa kutoka Cape ukaelekea mashariki moja kwa moja, obiti yako inatoka na mwinamo wa digrii 28.5, huwezi kupata chini ya hapo kwa kupaa tu. Lazima ufike juu kwanza, halafu usubiri unapovuka ikweta, ukunje njia yako yote. Na kukunja njia ukiwa kwenye kilomita 7.6 kwa sekunde ni gharama ya kutisha. Kukunja kutoka digrii 28.5 mpaka 3 kunataka kama kilomita 3.4 kwa sekunde. Karibu nusu ya ile kasi yote uliyoipigania kutoka chini! Kutoka Ngomeni, digrii 2.9 kusini, unapaa mashariki unajikuta umeshafika, hukunji kitu.

Hili tulilifanya kwenye Orbiter, na ni rahisi, kituo cha kurushia kinaandikwa kwenye faili ya maandishi ya kawaida, unaifungua na notipadi unaweka longitudo 40.2 na latitudo -2.9, unasevu, unafungua gemu, Ngomeni ipo. Halafu tukarusha Delta-glider kutoka Cape na nyingine kutoka Ngomeni, zote zinatafuta digrii 3. Delta-glider ni chombo cha kubuni, injini zake zina nguvu ambazo hakuna chombo cha kweli kinazo, kwa hiyo inasamehe, ile ya Cape ilikunja ikafika. Ila kijana mmoja akasema hapana, mimi najaribu na Atlantis, shato halisi, kile chombo cha Wamarekani cha kwenda angani na kurudi. Akapaa vizuri kabisa kutoka Cape, tangi kubwa likadondoka, akageuza chombo kwenye makutano ya ikweta akawasha zile injini ndogo za obiti. Namba ya mwinamo ikaanza kushuka, 28, 27, ikakaribia 26, mafuta yakakata. Shato ikishakuwa juu inabakiwa na kama mita 300 kwa sekunde tu, yeye alihitaji kama 3,400. Na hata ya kurudi nyumbani hakuwa nayo tena.

Sasa kilichonifurahisha ni kwamba yule kijana aliandika. Alianza na mafuta aliyokuwa nayo, akaweka mwinamo kila dakika, akaeleza alitarajia nini na akaona nini, akamalizia na "wanaanga wangu wamebaki juu". Watu walioisoma ile ripoti, mpaka leo hakuna hata mmoja anayewasha injini kukunja obiti bila kupiga hesabu kwanza. Misheni yake haikufika, lakini kwangu ina faida kuliko picha mia za waliofika.

Nimalizie na kukutana angani na kuunganisha vyombo, yaani kudoki, maana hapo ndipo vijana wengi wanakata tamaa.

Barabarani ukitaka kumfikia aliye mbele unakanyaga mafuta. Juu ukifanya hivyo unampoteza. Ukiongeza kasi obiti yako inapanda, na obiti ya juu ni ndefu na mwendo wake ni wa polepole, kwa hiyo yule uliyekuwa unamkimbilia anazidi kwenda mbele wewe unabaki nyuma na juu. Ukitaka kumfikia unapunguza, unashuka chini, chini kuna haraka. Hili halikuwasumbua ninyi tu, Juni 1965 kwenye Gemini 4, chombo cha Wamarekani, Jim McDivitt alijaribu kulikaribia lile ganda tupu la roketi yao lililobaki angani, akaelekeza pua kwake akasukuma, likazidi kumkimbia, akachoma karibu nusu ya mafuta ya kuongozea chombo kisha wakaacha. Rubani wa jeshi, hodari kabisa! Wakarudi, wakakaa, wakaeleza kila kitu kilivyokuwa, na Disemba 15 mwaka huohuo Gemini 6 ya kina Schirra na Stafford ikaifikia Gemini 7 mpaka sentimita kama 30. Miezi sita tu.

Kuna binti wa form three hapa, jina simtaji maana sijamuomba ruhusa, ametuletea ripoti ya kutoka Ngomeni mpaka Kituo cha Anga cha Kimataifa, kile ambacho mwezi wa tano 2018 kilitoa setilaiti ya kwanza ya Kenya, ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Nimemwomba ripoti niwasomee vipande, hilo alikubali.

Kituo kina mwinamo wa 51.6, kwa hiyo kutoka kwetu kuna njia mbili za kupaa, uelekeo 38 kaskazini-mashariki au 141 kusini-mashariki. Ameandika kachagua 141 "kwa sababu 38 inafuata nchi kavu, na nataka vipande viangukie baharini". Delta-glider haidondoshi vipande! Lakini amefikiri kama mrushaji, amewajali watu walio chini, na mimi hilo nimeliheshimu sana.

Amefika obiti ya kilomita 300, kituo kiko 400, na kiko mbele yake digrii 40. Huku chini mzunguko ni kama dakika 90 na nusu, kule juu 92 na nusu, kwa hiyo kila mzunguko anakikaribia kama digrii 8, akaandika "mizunguko 5, nasubiri". Akabonyeza T kuongeza kasi ya muda, akapanga mabapa mawili ya obiti, lake na la kituo, yalingane mpaka tofauti ikasoma sifuri, muda ulipofika akachoma mita 28 kwa sekunde, na nyingine kama hizo juu. Kilomita 10, akaua kasi ya tofauti. Kilomita moja anakwenda mita 5 kwa sekunde. Halafu kuna mstari huu, nausoma vile ulivyo:

"Mita 150 nimesimama kabisa. Kituo kimeingia usiku, naona zile fremu za njia kwenye kioo lakini bandari yenyewe siioni. Sitaki kugonga kitu nisichokiona. Nasubiri jua."

Na hakubonyeza T. Alikaa pale usiku wote wa obiti, kama dakika 35 za kweli, anarekebisha kidogo kidogo chombo kisielee, mpaka jua likatokea ukingoni mwa dunia, kituo kikang'aa chote, akaingia kwa sentimita 10 kwa sekunde, kikashika.

Angetuma picha tu ya "nimedoki wadau" tusingejua lolote juu ya zile dakika 35. Kwa sababu aliandika, sasa kwenye grupu watu wanapiga hesabu wafike kituoni mchana, kitu ambacho mashirika ya anga yanakifanya kweli kwenye mipango yao, na hakuna aliyetufundisha, tumekitoa kwenye daftari la binti wa form three.

Kwa hiyo ombi langu ni hilo. Ukiruka weka daftari kando ya kibodi. Mafuta, kimo, mwinamo, muda, hizo andika palepale maana baadaye utazisahau na utaanza kubuni. Na uandike sababu, hasa sababu, "nimefanya hivi kwa kuwa". Iliyolipuka iandike sawa na iliyofika. Andika Kiswahili chako cha kawaida tu, obiti ni obiti, kudoki ni kudoki, mdogo wako aelewe. Na wewe unayesoma ya mwenzako usiishie kumpa moto, muulize swali moja. Wazazi na walimu mliopo, mkimkuta mtoto amekodolea skrini nyeusi yenye mistari ya kijani saa nzima haifanyi kitu, tafadhalini, pengine anasubiri jua, mwombeni daftari aisome kwa sauti.

Basi tuingie kazini. Ngomeni imeshawekwa kwenye kila mashine. Upande wa madirisha mtapaa kutoka Cape, upande wa mlangoni mtapaa kutoka Ngomeni, wote mnatafuta obiti ya Uhuru, mwinamo digrii 3, Delta-glider kwa wanaoanza na Atlantis kwa wanaojiweza. Kila kundi mtu mmoja hagusi kibodi kabisa, yeye ni kuandika tu, na mbadilishane ili kila mtu apate zamu yake ya kalamu. Tukitoka swala ya alasiri tunasomeana, tunaanza na kundi litakalokwama. Waya za umeme ziko kule nyuma, angalieni msizikanyage. Karibuni.